Nimejibu kipeuo cha 70 kipo kati ya 64 na 81 nikapigwa kosa, kwani tatizo liko wapi?

saidia_fundi94:

Habari zenu wakuu. Naombeni mnieleweshe taratibu maana shule niliiacha zamani na kichwa kimeshika kutu. Mi ni saidia fundi, kazi zetu nyingi ni za tailizi, nakoroga, nabeba, nakata vipande vya pembeni, mwaka huu nikasema ngoja nijiandikishe QT, ule mtihani wa sisi tulioacha shule, kabla sijazeeka, kwa hiyo jioni nikitoka saiti naenda tuisheni, tupo watu kama kumi na mbili na wengine ni umri wa mama yangu kabisa.

Sasa juzi tukapewa karatasi ya maswali. Swali linasema kipeuo cha pili cha 70 kipo kati ya namba gani mbili nzima zinazofuatana, na usitumie kalikuleta. Tena lilikuwa kwa Kiingereza, lile neno konsekyutivu likanipiga chenga mpaka dada tuliyekaa naye akaninong'oneza kwamba ni "zinazofuatana". Haya. Nikakumbuka 8 mara 8 ni 64, 9 mara 9 ni 81, na 70 ipo hapo katikati. Nikajibu 64 na 81 kwa kujiamini kabisa, hata sikufuta. Nikapigwa kosa!! Kumuuliza mwalimu akasema "rudia kusoma swali" akahamia kwa mwingine, na mi muda ule nilikuwa nimechoka nikanyamaza.

Nimeshinda nalo kichwani siku mbili sasa. 70 si ipo kati ya 64 na 81 jamani? Na hizo mbili si zinafuatana kwenye zile namba za mraba, 49, 64, 81, 100? Halafu swali dogo la pili, inanisaidia nini kujua kwamba kipo "kati", si bora nikijue chenyewe kilipo yaishe.


jembe_butu:

70 gawa kwa 2 ni 35. Kazi imeisha, nitumie ya soda.


binti_wa_kumi:

@jembe_butu acha kumpoteza mwenzio ana mtihani. Kipeuo cha pili sio kugawa kwa mbili, 35 mara 35 ni 1225 huko, umeipita 70 ukaenda kuishi nchi nyingine. Unajua kwanini watu wengi wanaamini hivyo? Sababu mfano wa kwanza ubaoni huwa ni 4, kipeuo chake 2, na 4 gawa kwa 2 ni 2, mtoto anaona aaah kumbe rahisi. Ukitoa sifuri, 4 ndo namba pekee duniani ambayo huo mchezo unakubali. Walimu wangeanza na 9 tungepona wengi.


chaki_na_dasta:

Mdogo wangu saidia fundi, hesabu nimefundisha darasa la sita na la saba miaka mingi na hilo kosa lako nimelisahihisha mpaka nalijua kwa sura. Wala hujashindwa hesabu, hesabu umeipata yote, umekosea sehemu ya kusimama wakati wa kujibu. Na bahati nzuri kazi unayofanya ndo mfano wenyewe.

Mwenye nyumba anakupa tailizi 70, zote sawa, anakwambia nipangie mraba mmoja mkubwa katikati ya sebule, usikate hata moja. Utafanyaje? Utapanga mistari 8, kila mstari tailizi 8. Zimeenda 64, umebaki na 6 mkononi. Mwenye nyumba anasema ongeza basi ufike 9 kwa 9. Utamwambia bosi haiwezekani, maana kuutoa mraba kwenye 8 kuupeleka 9 nahitaji mstari mmoja ubavuni wa tailizi 8, mwingine juu wa tailizi 8, na moja ya kuziba kona, jumla 17, na mi ninazo 6.

Sasa angalia. 64, 70 na 81 hizo ni IDADI YA TAILIZI. 8 na 9 ni UPANDE wa mraba. Ukiambiwa tafuta kipeuo cha pili cha 70 maana yake unaulizwa hivi: tailizi 70 zingekubali kukaa mraba bila kubaki wala kupungua (ukiruhusiwa kukata) huo mraba ungekuwa na upande wa tailizi ngapi? Upande! Jibu ni zaidi ya 8 maana 8 zinabaki, na ni pungufu ya 9 maana 9 hazitoshi. Kwa hiyo ni 8 na 9. Wewe umeulizwa urefu wa ukuta ukajibu idadi ya tailizi zilizopo chini. Angalia na ukubwa wa jibu lako pia, kama kipeuo cha 70 kingekuwa kati ya 64 na 81, chukua hata hiyo 64 uizidishe yenyewe uone inakufikisha wapi, ni 4096.

Hilo la "zinazofuatana" nalo. Namba nzima ni 0, 1, 2, 3, 4 na kuendelea, hakuna sehemu hakuna desimali. Mbili zikifuatana maana yake ukitoka kwenye moja hatua moja tu umefika ya pili, hamna nzima nyingine iliyojificha katikati. 8 na 9 ndo hivyo. 64 na 81 zina namba nzima 16 katikati yake, anzia 65 ishia 80. Ni kweli zimefuatana kwenye foleni ya namba za mraba ila swali halikutaja hiyo foleni. Mwalimu wako alivyosema rudia kusoma swali alimaanisha hapo, ila na yeye angekupa dakika mbili tu asingefilisika.

Kuhusu faida. Kwenye mtihani kalikuleta hamtaruhusiwa, mtashika kitabu cha jedwali. Fungua kurasa za vipeuo vya pili utaona kuna sehemu mbili, moja ya namba za 1 mpaka 10 na nyingine ya 10 mpaka 100. Wanafunzi wengi sana wanaingia sehemu ambayo siyo. Anatafuta kipeuo cha 70, anaangalia mstari wa 7.0 anaandika 2.646, hicho ni kipeuo cha 7 sio cha 70. Cha 70 ni 8.367. Aliyejua kabla ya kufungua kitabu kwamba jibu lazima lianze na 8 hawezi kuibiwa namna hiyo. Vivyo hivyo 700 ni 26.46 na 7000 ni 83.67, unaona tarakimu zinavyopokezana, 26, 83, 26, 83, kila ukiongeza sifuri moja unahama sehemu ya jedwali, ukiongeza mbili unarudi ulikotoka ila nukta imesogea.


saidia_fundi94:

Mwalimu Mungu akubariki, upande na idadi!! Siku mbili nzima nalala nacho na kumbe kipo chini ya miguu yangu kila siku. Nimesoma hiyo ya tailizi 17 nikacheka peke yangu kwenye daladala.

Leo mchana wakati wa kula nikachukua kipande cha boksi nikaendelea. Nikasema kama nahitaji 17 kufika 9 na mi nina 6, basi nimeenda 6 juu ya 17 ya safari, si ndio? Nikagawa nikapata 0.35 na kitu. Kwa hiyo kipeuo ni 8.35. Nikazidisha 8.35 mara 8.35 nikapata 69.7225. Imekaribia lakini haijafika 70. Nimerudia kuzidisha mara tatu nikijua nimekosea, jibu lilelile. Kwanini inapungua? Njia yangu mbovu?


jembe_butu:

Mi nimeomba ya soda kumbe mwenzangu anapiga desimali kwenye boksi. Nimenyoosha mikono.


kokotoa_tu:

Saidia fundi njia yako sio mbovu, umeivumbua mwenyewe na watu wanaifundisha kabisa. Ila umeuliza swali zuri kuliko lile la mwanzo, kwanini inapungua, na jibu lipo kwenye ile tailizi ya kona.

Fikiria unaukuza mraba wako wa 8 kidogokidogo, unaongeza kipande chembamba ubavuni na chembamba juu, unene sawa. Ukiongeza unene wa 0.35, vile vipande viwili virefu vinakula 8 mara 0.35, mara mbili yake, 5.6. Kona je? Wewe kwenye ile 17 umehesabu kona kama tailizi moja nzima inayokua kwa mwendo sawa na wenzake, yaani ukifika 0.35 ya safari na kona nayo iwe imejaa 0.35. Lakini kona ni mraba mdogo, upande 0.35 kwa 0.35, eneo lake ni 0.1225 tu! Kona inachelewa mwanzoni halafu mwishoni inakimbia. Kwa hiyo tailizi ulizotumia ni 5.6 na 0.1225, jumla 5.7225, ongeza 64 unapata ileile 69.7225 yako. Hujakosea kuzidisha hata kidogo. Kuna tailizi robo na ushee bado umeishika mkononi.

Sasa fanya kinyume, idharau kona kabisa, jifanye haipo. Unakuwa na 6 juu ya 16, ni 0.375. Jaribu 8.375 mara yenyewe, inatoka 70.14, imezidi. Safi sana hii, maana ukigawa kwa 17 unapungua siku zote, ukigawa kwa 16 unazidi siku zote (ukianzia na namba nzima ya chini), kwa hiyo ukweli umebanwa kati ya 8.35 na 8.375. Ulianza na kuubana kati ya 8 na 9, sasa hivi umeubana kwenye nafasi ya 0.025 tu. Yaani kukadiria kipeuo ndo huko, unasogeza kuta mbili zikaribiane, ile "kati ya namba mbili nzima" ni kuta za kwanza tu.

Hiyo 17 na zenzake nazo ziangalie siku ukipata muda. Toka 1 kwenda 4 ni 3, toka 4 kwenda 9 ni 5, halafu 7, 9, 11, 13, 15, 17. Namba witiri kwa foleni yake. Unachukua upande, unazidisha mara mbili, unaongeza ile ya kona. Ndo maana kati ya 1 na 4 kuna namba mbili tu, 2 na 3, lakini kati ya 64 na 81 kuna 16 zote zimebanana, vipeuo vyake vyote vinaanza na 8 nukta. Ukiwa juu kwenye 100 mpaka 121 wanabanana 20.


mama_jedwali:

Ongezea na hii ya wastani, ndo ninayotumia mimi nikiwapima wanangu. Ukishapata kadirio lolote, GAWANYA 70 kwa hilo kadirio. 70 gawa kwa 8.35 ni 8.3832. Si unaona, kama upande mmoja ni mfupi basi mwingine lazima uwe mrefu ili eneo libaki 70. Sio mraba tena, ni mstatili wa 8.35 kwa 8.3832. Sasa chukua wastani wao, jumlisha gawa kwa mbili, 8.3666. Kwisha. Kipeuo chenyewe ni 8.36660, umepata desimali nne kwa kugawanya mara moja.

Sio ujanja wa juzi huu. Heron wa Aleksandria, kule Misri, aliuandika zaidi ya miaka 1900 iliyopita akitafuta kipeuo cha 720. Alianza na 27 maana 27 mara 27 ni 729, karibu kabisa, akagawa 720 kwa 27 akapata 26 na theluthi mbili, akachukua wastani akapata 26 na tano juu ya sita, yaani 26.833. Chenyewe ni 26.8328. Na kuna kibao cha udongo cha Wababeli, kipo chuo kikuu cha Yale huko Marekani, kina miaka zaidi ya 3500, wamechora mraba na mistari ya kona kwa kona wakaandika kipeuo cha 2 kwa namba zao za sitini sitini, ukibadili inakuja 1.414213 kwa kukadiria. Hawakuwa na simu hawakuwa na jedwali. Yule mwanangu wa pili nikimwambia hivyo ananijibu "hawakuwa na katuni pia".


mzee_wa_slesi:

Vijana wa siku hizi mnapenda kubahatisha na kukaribia karibia. Sisi tulifundishwa njia ya kupanga tarakimu mbilimbili na inatoa jibu sawasawa. Mfano 7056. Unaikata kutoka kulia, 70 na 56. Unauliza, namba ipi kubwa kabisa ambayo mraba wake hauzidi 70? Ni 8. Andika 8 juu, 64 toa kwenye 70 inabaki 6, shusha 56 inakuwa 656. Ile 8 izidishe kwa mbili, 16, acha nafasi mbele yake. Mia sitini na ngapi mara hiyohiyo ngapi ifike 656? 164 mara 4 ni 656. Imeisha bila baki, jibu 84. Tulikuwa tunafanya kwenye slesi, ukikosea unafuta na kiganja.


kokotoa_tu:

@mzee_wa_slesi shikamoo mzee. Lakini tazama, hatua yako ya kwanza ni "namba ipi kubwa ambayo mraba wake hauzidi 70", si ndo swali lilelile la kijana, kati ya 8 na 9! Na ile 16 yako ya kuzidisha kwa mbili ni zile tailizi za ubavuni na juu, 8 na 8, na tarakimu unayoweka kwenye ile nafasi ya mbele ndo kona. Njia yako ni tailizi tupu mzee wangu, ila zimevaa koti.


mzee_wa_slesi:

Marahaba. Miaka yote hii sikuwahi kuambiwa kwanini tunazidisha kwa mbili. Tulikuwa tunachapwa tukiuliza.


wa_huku_thika:

Niko Kenya, huku hesabu tulisoma kwa Kizungu kwa hivyo mtanisamehe maneno yangu. Nataka tu kuongeza kitu kimoja kuhusu hizi zinazofuatana. Wakati mwingine swali halisemi "kati ya namba gani", linasema "kipeuo kiko karibu na namba gani nzima". Hapo watu wanaangalia tu kwa macho. Usiangalie kwa macho. Zidisha zile namba mbili zako, 8 mara 9 ni 72. Kama namba yako ni 72 au chini, kipeuo kiko karibu na 8. Ikiwa 73 kwenda juu, kiko karibu na 9. 70 ni chini ya 72 kwa hivyo ni 8.

Sababu ni kwamba nusu ya katikati, 8.5, ukiizidisha yenyewe unapata 72.25. Yaani ni 8 mara 9 na robo juu. Inafanya hivyo kila wakati, 7.5 ni 56.25, 10.5 ni 110.25, 24.5 ni 600.25. Hata kuzidisha nusu kichwani inakuwa rahisi, unazidisha majirani wawili unaongeza robo. Mimi nilitumia miaka mingi sana kufanya 10.5 mara 10.5 kwa karatasi kabla nione hii na nilikasirika kidogo.


dalali_msomi:

Hiyo 600 imenigusa. Kiwanja cha sqm (mita za mraba) 600 mteja ananiuliza "upande ni ngapi kwa ngapi" na mi kwenye karatasi nina sqm tu. 24 kwa 24 ni 576, 25 kwa 25 ni 625, kwa hiyo kama ni mraba upande wake ni 24 na kitu. Kumbe 24 mara 25 ni 600 kamili, na kipeuo ni 24.49. Ila nawaambia kiwanja mraba mtaani nadra sana kukipata, unaweza kukuta 15 kwa 40 na hiyo ni 600 ileile, kwa hiyo kipeuo kinakupa picha tu, tepu ndo inasema kweli. Nimeona watu wamelipia wakidhani wananunua sahani kumbe wamenunua utambi.


saidia_fundi94:

Wakuu nimefunguka. Kuna swali la mwisho kwenye karatasi niliruka, na sasa nadhani nimelipata, nisahihisheni: zao la namba mbili nzima zinazofuatana ni 1332, zitaje.

Zamani ningeanza 1 mara 2, 2 mara 3, mpaka asubuhi. Nikasema kama zinafuatana basi ni mstatili ambao karibu uwe mraba, na upande ni kipeuo cha 1332, upungue kidogo na uzidi kidogo. 30 kwa 30 ni 900, 40 kwa 40 ni 1600. 36 kwa 36 ni 1296. 37 kwa 37 ni 1369. Kwa hiyo kipeuo kipo kati ya 36 na 37, na zenyewe ndo hizo! 36 mara 37 nikazidisha, 1332. Nilipiga kelele saiti fundi akadhani nimejikata na grainda.


chaki_na_dasta:

Hapo sasa ndo umeiva. Angalia mitego miwili tu. Wakisema namba SHUFWA mbili zinazofuatana zina zao 1368, hapo hatua ni mbili mbili, 36 na 38, na ile 37 inakaa katikati, 37 mara 37 ni 1369 toa moja. Ukiona zao limepungua moja tu kufika mraba kamili ujue ni majirani wa namna hiyo. Mtego wa pili, ukiulizwa kipeuo cha 64 kipo kati ya ngapi na ngapi, usiseme 7 na 8 wala 8 na 9. Hakipo kati ya chochote, ni 8 yenyewe imekaa kwenye kiti chake.


mkosoaji_wa_usiku:

Na -37 mara -36 pia ni 1332 mbona hamsemi.


binti_wa_kumi:

Swali limesema namba nzima, nzima zinaanzia sifuri. Wangesema namba kamili ndo ungezileta hizo hasi zako. Lakini sawa, kwa mtihani wa juu angalia neno lililoandikwa.


kijiko_cha_chai:

Samahani naingilia, mi nipo kidato cha pili. Mbona kipeuo cha 0.5 nimeambiwa ni 0.7 na kitu? Kipeuo si kinatakiwa kiwe KIDOGO kuliko namba yenyewe? Kwenye 70 kimekuwa 8, kimepungua.


kokotoa_tu:

Kinapungua kama namba imezidi 1. Ikiwa kati ya 0 na 1 kinapanda. Sababu nusu ya nusu ni robo, ukizidisha vidogo vyenyewe kwa vyenyewe vinazidi kuwa vidogo, kwa hiyo upande lazima uwe mkubwa kuliko eneo. Kukadiria, soma 0.5 kama 0.50, kipeuo cha 50 ni 7 na kidogo maana 49 ndo 7 kwa 7, kwa hiyo 0.7 na kidogo, 0.707. Usiisome kama 5 ukaandika 0.22, huo ndo ule mtego wa sehemu mbili za jedwali aliousema mwalimu juu huko.


saidia_fundi94:

Narudi na mrejesho. Leo tumeanza chumba kipya, vipimo kwenye ramani 4 kwa 5. Fundi wangu huwa anapima kona kwa kona kabla ya kuanza kupanga, anapima zote mbili zikilingana ndo tunaendelea, ila inatakiwa iwe ngapi hajui, anaangalia tu kama zimelingana. Mi nikakumbuka ile kanuni ya Pythagoras tuliyosoma wiki iliyopita, 4 kwa 4 ni 16, 5 kwa 5 ni 25, jumla 41. Kipeuo cha 41, kati ya 6 na 7, 36 toa kwenye 41 inabaki 5, 5 juu ya 13 ni 0.38, 5 juu ya 12 ni 0.41 na kitu, nikasema kichwani ni 6.40 hapo. Nikamwambia fundi kabla hajavuta tepu, itasoma sita arobaini.

Akacheka. Akavuta, 6.43. Akanitazama. Akavuta ile nyingine, 6.38.

Kimya kama dakika nzima. Akaniuliza hiyo 6.40 nimeitoa wapi, nikamwambia kwenye boksi. Sasa ukuta wa upande wa dirisha umekaa upande na mwenye nyumba anakuja kesho saa nne, na fundi kaniambia nimsubirishe mimi kwa vile najua kuongea hesabu. Mwalimu chaki, nikitaka kumuonyesha kwa kuchora, hizo 6.43 na 6.38 zinaweza kuniambia ukuta umekwenda upande sentimita ngapi?


chaki_na_dasta:

Zinaweza. Mradi pande zenyewe ni 4 na 5 kweli, zipime kwanza zote nne. Halafu 6.43 mara yenyewe, toa 6.38 mara yenyewe, utapata kama 0.64. Gawa kwa nne mara upande wa 5, yaani kwa 20. Inakuja mita 0.032, sentimita tatu hivi kwenye urefu wa ukuta wa mita 4. Chora ukuta ulionyooka na ule uliolala, umuonyeshe hizo tatu kwenye kona. Na tailizi za mstari wa mwisho zitakatwa kimshazari, hilo mwambie mapema.